Mwaka wa Kidonge na Chai

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Loyce kule kijijini Kwanza, karibu na Kitale, nami nikakaa kwenye hema la wageni. Mama mmoja aliyekuwa akipokea watu aliniuliza, "Dada, wewe ni wa upande gani?" Nikamjibu kwamba mimi ni rafiki wa marehemu, akanipa kiti nyuma ya kwaya. Hakunikosea. Mtu aliyewahi kuwa mkaza mwana kwa mwaka mmoja tu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, hana hema lake matangani. Wakati mchungaji anahubiri, mimi nilikuwa naangalia jiko la marehemu kule nyuma ya nyumba kubwa, mabati yake yameshika kutu, mlango umefungwa kwa waya. Mwaka wangu uliishia mle. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, kuzaa mtoto nikae katika boma lile mpaka nizeeke, na sikukipata. Mambo ya ukoo wangu na jinsi nilivyokutana na mume wangu Patrick nayaacha, maana hayo hayakunidhuru. Kilichonidhuru ni kitezi kidogo kilichoko hapa mbele ya koo, ambacho mtu anaweza kuzaliwa nacho, akazeeka nacho na akazikwa nacho bila hata kujua kwamba anacho.

Watu hudhani ugonjwa huanza kwa kuugua. Wangu ulianza kwa kusifiwa. Niliolewa nikiwa mwembamba, lakini kufikia wakati wa kupalilia mahindi uso wangu ulikuwa umejaa, mashavu yamevimba, na viatu nilivyovaa siku ya harusi vilikuwa havinitoshi tena. Kanisani akina mama walinishika mikono na kunigeuza huku na huku. "Naliaka, ndoa imekukubali bana! Huyo Patrick anakulisha nini?" Mama Loyce, mama mkwe wangu, alisimama kando akitabasamu kwa furaha, kwa sababu kwetu mke wa mtoto akinenepa, sifa ni za jiko la mama mkwe. Nilikuwa bado sijapewa jiko langu, kwa hiyo nilipika kwake na kula kwake, na kila kilo niliyoongeza ilikuwa heshima yake mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu anayekula nusu sahani akanenepa. Mimi mwenyewe sikuuliza, nilikuwa naona aibu ya furaha. Siku hizi nikisikia msichana akiambiwa amenawiri, hasira hunipanda, nikatamani kumvuta kando nimuulize kama analala sawasawa.

Mimi nilikuwa nalala sana. Nililala usiku mzima, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikakaa kwenye kigoda jikoni kichwa kikining'inia huku Mama Loyce akipuliza moto. Nilimwita Mayi, yaani mama, kama Wabukusu wengi wanavyomwita mama mkwe. Jiko lake lilikuwa na harufu ya moshi na maziwa ya jana, mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya moto, na dirisha dogo lililotazama njia ya kisimani. Nilipenda kukaa mle kwa sababu ndimo mlimokuwa na joto. Nilivaa sweta mbili na leso juu yake, na bado vidole vilikuwa baridi. Nikisema nasikia baridi, Patrick alinicheka. "Hii ni Kitale, si Bungoma. Utazoea tu." Kweli Kitale kuna baridi, kila mtu anavaa sweta asubuhi, na ndivyo ugonjwa wangu ulivyojificha. Ningekuwa nimeolewa Mombasa, labda mtu angeshangaa mapema.

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni damu. Ya mwezi ilikuja nyingi, ikakaa siku nyingi, ikaenda, kisha ikapotea kabisa, nikaanza kutumaini, nikamnong'oneza Patrick, naye akatabasamu, halafu ikarudi kwa nguvu hadi naogopa kusimama kanisani. Nywele zikawa zinakatika kwenye kitana. Choo kikawa kigumu, ngozi ya miguu ikakauka ikapasuka. Sauti nayo ikaondoka. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mwalimu wa kwaya akanihamisha, kisha akanihamisha tena, mpaka nikawa nimesimama karibu na wanaume na watu wanatania kwamba Patrick ameoa besi. Nilicheka nao. Lakini nilichoogopa zaidi ya hayo yote ni akili yangu. Mtu ananisemesha, maneno nayasikia, jibu ninalo, lakini linachelewa kufika mdomoni, na mwenye kuuliza ameshachoka kungoja.

Sifa zikageuka polepole. Siku moja nilikuwa nimekaa nje ya jiko nikichambua maharagwe, nikawasikia majirani wawili waliokuja kumtembelea Mayi. "Mama Loyce, huyu msichana analala ovyo," mmoja alisema. "Na hizo kilo zote, si tulidhani ni mimba? Mbona hatuoni kitu?" Mwenzake akaongeza, "Ni uvivu tu. Hawa wa kwao Bokoli wanalelewa wakideka." Nilingoja kusikia Mayi atasema nini. Alisema, "Mwacheni mtoto wangu. Nikisema ni mvivu, mtasikia kutoka kwangu." Nililia pale pale juu ya maharagwe, kwa shukrani na kwa hofu pia, maana nilisikia katika sauti yake kwamba swali hilo ameshajiuliza.

Wiki ile ile nililaza kichwa ukutani maharagwe yakiwa motoni, nikaamka jiko limejaa moshi mweusi na Mayi ananitikisa mabega. Hakunigombeza. Aliniangalia usoni muda mrefu, kisha akaenda kuvaa viatu vyake vya kanisani. "Twende Kitale. Hiki si kitu cha kulala tu." Tulikuwa tumeshatibiwa malaria na taifodi kwenye kliniki ya karibu, kwa sababu huku kwetu kila mwili unaochoka hutibiwa malaria na taifodi kwanza. Kule mjini tulimpata daktari wa kike, mwenye haraka, watu wamejaa kwenye benchi mpaka nje. Aliponiona aliacha haraka yake. Alipitisha kidole juu ya nyusi zangu, akaonyesha kwamba zimeisha huku mwishoni, akanigonga goti kwa kinyundo na mguu ukarudi taratibu. Damu yangu ilipelekwa Eldoret. Tuliporudi kuchukua majibu alituambia ni tezi ya shingoni, thairoidi.

"Lakini shingo yake ni laini," Mayi alibisha. "Mimi najua rovu. Kule Kapsokwony nimeona wamama wanalo kubwa hivi."

"Si lazima shingo ivimbe, mama. Hii tezi ndiyo inauambia mwili ufanye kazi haraka au polepole. Yake imelegea. Kwa hivyo kila kitu kinaenda polepole, damu, tumbo, akili, mpaka kizazi. Wanawake ndio inawapata sana." Akanigeukia mimi. "Utameza kidonge kila asubuhi, maisha yako yote. Usiache hata ukijisikia mzima."

Mayi aliuliza swali ambalo mimi sikuthubutu. "Na atazaa?"

"Dawa ikikaa sawa mwilini, atazaa. Ameze asubuhi kabla ya kula." Akaandika na vidonge vya kuongeza damu, akaita mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo tulipopotea, na sijui nani alipaswa kutuonyesha njia. Katika boma lile, na katika boma la kwetu Bokoli, na katika kila boma ninalolijua kuanzia Kwanza hadi Webuye, chai si chakula. Chakula ni ugali. Mtu anaweza kuwa amekunywa vikombe viwili na bado, akiulizwa, atakwambia kwa moyo safi kwamba hajala tangu jana. Hatukuona cha kuuliza. Kabla ya kula kulimaanisha kabla ya ugali wa mchana, au tuseme kabla ya viazi vitamu vya saa nne. Mayi aliifanya ile dawa kuwa kazi yake. Kila asubuhi alibisha mlango wetu akiwa na sahani ndogo yenye kile kidonge na vile vya damu, na mkononi kikombe kikubwa cha chai, maziwa mengi, maji kidogo, imechemka mpaka imekuwa na utando. Nilimeza vyote kwa pamoja. "Kunywa yote," alisema. "Usiache hata kidogo. Dawa kali bila maziwa itakuchoma tumbo." Alisimama mlangoni mpaka kikombe kiishe. Patrick, akiwa amejifunika blanketi, alijifanya amelala.

Sijawahi kupendwa namna ile, si kabla wala baada. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu watu wakisikia hadithi ya mke aliyeshindwa kukaa, hutafuta mama mkwe mbaya. Wangu alinipa maziwa ya ng'ombe wake badala ya kuyapeleka kwa wanunuzi. Loyce, binti yake wa mwisho, alikuwa sekondari wakati huo, na likizo moja alinung'unika kwamba yeye anapewa chai ya rangi na mimi nakunywa maziwa matupu. Mayi akamjibu, "Wewe ni mgonjwa? Nyamaza basi."

Dawa ilifanya kazi kidogo, kama taa iliyowekewa mafuta ya kulowesha utambi tu. Nilipata nafuu ya kutosha kutumaini. Baridi ikapungua, nikaweza kukaa macho hadi jioni, na mahindi yalipoanza kutoa mbelewele nikashika mimba. Mayi alikuwa wa kwanza kujua, kabla hata sijamwambia Patrick, kwa sababu nilikataa mboga ya mrenda. Hakupiga vigelegele. Alikaa chini, akafunika uso kwa leso, akatikisika mabega. Patrick naye alirudi kutoka duka lake la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo, akiwa na machungwa, akaniita jina langu mara kadhaa bila kuwa na la kuniambia. Hizo ndizo wiki nzuri za mwaka ule, na ninazikumbuka kwa uchungu kuliko zile mbaya.

Tulirudi kwa daktari yule. Alipima tena, na majibu yalipotoka Eldoret uso wake ulikuwa mkali. "Mama, unameza dawa?" Nikasema nameza. "Kila siku?" Kila siku. "Usinidanganye. Hii damu inasema humezi. Unajua mtoto anategemea hii dawa yako? Yeye bado hana tezi ya kufanya kazi, anaazima kwako." Mayi aliona kama ametukanwa yeye. "Daktari, mimi mwenyewe namsimamia. Naona kwa macho yangu akimeza." Daktari aliangalia foleni yake, akaongeza nguvu ya dawa, akasema tujitahidi. Hakuuliza nameza na nini. Sitamlaumu sana, watu walikuwa wengi na yeye peke yake. Lakini nimelirudia swali hilo ambalo hakuuliza mara nyingi kuliko sala zangu. Maneno manne tu. Unameza na nini, mama?

Kesho yake Mayi alikuja na kikombe kikubwa zaidi. Maji alikuwa ameyaacha kabisa. "Tutamwonyesha huyo daktari," alisema. Nikamwangalia yule mama anavyonipigania, nikanywa mpaka tumbo likaniuma.

Mimba ilitoka mchana, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimeshaanza kufungua vifungo vya sketi. Maumivu yalianza nikiwa jikoni, na Mayi akanilaza pale pale kwenye mkeka karibu na moto, akamtuma jirani atafute gari. Nakumbuka mabati yakipiga kelele, nakumbuka chungu cha maziwa kikichemka na kumwagika bila mtu wa kukiondoa, nakumbuka mkono wa Mayi ukiniziba macho ili nisione. Hospitalini nilisafishwa, uambukizo ukaingia, nikarudi tena na homa, na baadaye sana niliambiwa kwamba mirija yangu iliziba kutokana na hayo. Wakati ule sikuambiwa kitu. Nililala chumbani nimeelekea ukuta, maziwa yakinitoka kifuani kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Sikutamani kufa. Kutamani kufa kunahitaji nguvu, na mimi sikuwa nazo.

Mayi aliendelea kuleta kikombe. Nami niliendelea kunywa.

Siku moja nilisikia wanaume sebuleni, Patrick na baba yake mdogo. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa wa mbao. "Mke mgonjwa ni mzigo wa maisha," baba mdogo alisema. "Daktari si amesema dawa ni mpaka afe? Sasa wewe utangoja nini?" Nilingoja Patrick aseme neno. Alisema, "Mayi hatakubali." Hakusema kwamba yeye hatakubali. Baada ya hapo aliniambia, kwa upole kabisa, niende kwetu nikapumzike kidogo, atakuja kunichukua. Mayi alinifungia nguo zangu na chupa ya maziwa, akaniambia wiki mbili. Nilikaa Bokoli mpaka mahindi yakavunwa, yakakauka, na yakaanza kuliwa. Sikuona mtu yeyote kutoka Kwanza.

Vidonge vilipokwisha kaka yangu alinipeleka Bungoma. Daktari wa huko alikuwa mzee wa polepole, wala hakuwa bingwa wa chochote, ila siku hiyo hakukuwa na foleni. Aliangalia karatasi zangu, akauliza nameza saa ngapi, nikamwambia asubuhi kabla ya kula. Akauliza na nini. Nikamweleza ile chai kwa fahari, ili ajue kwamba nilitunzwa. Aliweka kalamu chini. Alinieleza taratibu kwamba maziwa na vile vidonge vya damu huizuia dawa hii isiingie mwilini, kwamba inamezwa na maji matupu, tumbo tupu, na chai ingoje kwanza. Nikamuuliza kama chai ile ndiyo iliyomtoa mtoto. Alisema hakuna anayeweza kuapa, mimba hutoka kwa sababu nyingi. Kisha akasema, "Lakini ilikusaidia kidogo sana, hiyo dawa. Sana."

Nilimeza na maji. Kufikia mvua za kupanda nilikuwa nimevua sweta, uso umerudi kuwa wangu, naamka kabla ya kuku, naimba nikifua nguo. Akili ikarudi nayo, na ikawa kazi yake kunionyesha vizuri yote niliyopoteza. Ndipo habari ikaja kwamba Patrick ameoa na mke ana mimba.

Mayi alikuja Bokoli peke yake. Mama yangu akatupisha, tukakaa jikoni kwetu, yeye kwenye kiti, mimi chini. Aliniangalia miguu, mikono, nywele. "Umepona," alisema.

"Nimepona, Mayi."

"Umepona ukiwa hapa, na kwangu ulikuwa unakufa. Ni nini? Usiniambie Mungu. Kila mtu ameniambia Mungu. Niambie daktari amesema nini."

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa amesafiri kuja kuuliza, na katika watu wote wa boma lile ndiye pekee aliyeuliza. Nikamwambia. Alisikiliza bila kunikatiza, akikunja pindo la leso yake na kulikunjua.

"Na mimi nilikuwa naongeza maziwa," alisema.

"Ndiyo, Mayi."

"Nikiona umechoka, naongeza."

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Nimesikia." Akasimama. Mama yangu alikuwa ameshaandaa kuku, lakini hakukaa kula. Nilimsindikiza hadi barabarani. Sikumwona tena akiwa hai.

Jumamosi, watu walipoanza kutawanyika, Loyce alinitafuta. Sasa ni mama mzima, ana mvi. Alinikumbatia muda mrefu, akaniambia kwamba mama yake alikuwa akiniulizia miaka yote, na mwishoni, alipokuwa kitandani, ilikuwa kila siku. Swali moja tu. Naliaka alipata mtoto?

"Mkamwambiaje?" nikauliza, kwa sababu mimi sikupata. Niliolewa tena, nikafiwa na mume, na mtoto sikupata.

Loyce aliangalia chini. "Tulimdanganya, dada. Angefanyaje kulala? Tukasema ati umepata wawili, kijana na msichana. Alishukuru sana. Akauliza majina."

"Mkampa?"

"Wekesa na Nasimiyu. Tangu siku hiyo alikuwa anawaombea, asubuhi na jioni, akiwataja kwa majina. Mpaka akafa."